Kikapu cha Wawili

Ireneusz hakuwahi kununua kitu kwa simu.
Simu, alisema, ni ya kutazamia;
pesa haitoki kwa kidole gumba.
Kununua kulitaka kiti, taa, miwani,
kompyuta ya mezani inayonguruma kama friji kuukuu,
na daftari la mistari pembeni:
bei ya leo, bei ya juzi, gharama ya kuleta.
Mali bila daftari huisha bila habari,
ndivyo alivyonijibu siku nilipomcheka.

Mimi hununua nikiwa nimesimama.
Kwenye tramu ya kiwandani, Januari, hapa Łódź,
kioo hakitambui glavu,
basi naivua kwa meno, nachagua kwa kidole kilichokufa ganzi:
soksi za Kalina, chujio la kahawa,
shuka niliyodhani ni ya rangi ya maziwa
ikaja ya rangi ya jino la mvuta sigara.
Sikuirudisha. Kurudisha kunataka printa.

Tulikuwa na akaunti moja.
Usiku nilitupia vitu kikapuni chini ya blanketi,
mwanga nimeuziba kwa kiganja;
asubuhi yeye alivichambua kama mchele,
akatoa mawe, akalipa.
Kalina, miaka tisa, kishikwambi magotini,
aliweka farasi.
Farasi wa plastiki, kimo cha mlango.
Baba yake alimwondoa kila Jumapili;
kila Jumatatu alikuwa amerudi.

Miaka kumi na saba hivyo.

Alipohama alichukua kompyuta, kiti, daftari.
Neno la siri hatukulibadili.
Hakimu aligawa nyumba, gari,
sikukuu za mtoto, hata stoo ya chini.
Kikapu hakikutajwa.

Kwa hiyo namwona.
Nimesimama mbele ya makabati ya vifurushi,
nyuma ya kituo cha mafuta, theluji shingoni,
nafungua simu nitafute namba ya kufungulia mlango wangu,
nakuta sahani moja.
Birika la nusu lita.
Pazia, kipande kimoja; dirisha ni jembamba, basi.
Taa za kusomea, aina tatu, siku nne nzima,
kisha mbili zikatoka,
nikajua daftari bado liko kazini.

Sigusi kitu.
Mara moja tu nilibadili mto:
alichagua wa manyoya ya bata,
na manyoya humziba pua mpaka alfajiri.
Nikaweka wa pamba. Bei ileile, karibu.
Hakuuliza. Alilipa.

Juzi, saa nane na dakika kumi usiku,
simu ilitetemeka kando ya kitanda:
kitu kimeongezwa kutoka kifaa kipya.
Kifaa chenyewe, simu.
Yeye, mtu wa taa na miwani,
anatafuta kwa kidole gumba gizani.

Ndara za sufu, kijivu, namba thelathini na saba.

Nilifunua blanketi nikaitazama miguu yangu.
Namba yangu ni hiyo.
Ni namba pia ya nusu ya wanawake wa mji huu,
na ndara haziandikwi jina.
Nilikuza picha kwa vidole viwili
mpaka sufu ikawa miraba, miraba ya kijivu tu.
Zimebaki jozi mbili, duka lilisema,
nalo husema hivyo hata kwa misumari.

Asubuhi sikuiona glavu moja, tramu ikaniacha.
Nilifungua kikapu pale kituoni,
nikafungua tena wakati wa chakula,
tena chooni, kama mwizi.

Bado zimo. Hajalipa.
Anasubiri, nadhani, mpaka aketi mezani.